Lita za friji zinatupotosha

Mhariri,

Ripoti yenu ya Jumapili, ile iliyosifu maduka ya mtandaoni kwa kumwezesha mnunuzi kulinganisha bidhaa akiwa amekaa kwake, imenikera. Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Mimi huuza maziwa na mala, yaani maziwa ya mgando, hapa Umoja. Mwezi wa tatu niliingia katika duka moja la mtandaoni kutafuta friji. Nikachagua mbili, nikabonyeza kitufe cha kulinganisha. Ya kwanza lita 138, ya pili lita 121. Nikaongeza shilingi 4,500 nikachukua kubwa. Ilipofika, nikavuta droo ya mboga na kuona kibandiko nyuma yake: ujazo wa jumla lita 138, ujazo halisi lita 112. Kumbe zile 138 ni nafasi yote ya ndani, rafu na droo zikiwa zimetolewa! Nani anaweka pakiti za maziwa kwenye friji isiyo na rafu? Nikarudi kwenye ukurasa wa ile ya pili, nikashuka hadi chini kabisa, kwenye maandishi madogo: lita 121, ujazo halisi. Niliyoiacha kwa udogo ndiyo iliyokuwa kubwa. Jioni hiyo pakiti 36 za nusu lita zikakosa mahali. Nilizitia kwenye beseni, nikabadilisha maji mara tatu usiku, na kulipokucha zilikuwa zimefura. Nikapiga simu kuomba nibadilishiwe. Kijana akanijibu, "Mama, si iliandikwa 138? Ndiyo hiyo umeletewa." Mtu akiweka ujazo wa jumla wa friji hii kando ya ujazo halisi wa ile, kwenye mstari mmoja, hajalinganisha chochote. Amenipotosha, na hasara ni yangu.

Na hapo sijagusa stima. Kanuni za nishati za Kenya za 2016 ziliagiza friji iwe na kibandiko cha nyota kinachoonyesha inavyotumia umeme. Kwenye ule ukurasa wa kulinganisha, penye nyota palikuwa na kistari kitupu, kwa friji zote mbili. Upana nao, moja kwa inchi, nyingine kwa sentimita. Halafu kile kijitabu cha maelezo: Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu. Kiswahili hakimo, ilhali Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi. Mama mkwe ndiye hubaki kibandani mchana kutwa, na hawezi kusoma hata onyo moja la mashine anayoishika kila saa.

Kifungu cha 46 cha Katiba hiyohiyo kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa aliyonunua. Basi maduka haya yaandike lita halisi peke yake, kwa tarakimu kubwa kama za bei, na friji isiyo na kipimo hicho isiwekwe kwenye kulinganisha. Tena kila friji ipigwe picha mlango ukiwa wazi, kando yake mtungi wa manjano wa lita 20. Huo mtungi tunaubeba kila maji yakikatika, kwa hiyo mtu atajikadiria mwenyewe.

Mwandishi wenu akiirudia habari hii, aje kwanza Umoja na utepe wa kupimia. Friji bado ipo, na kibandiko sijakibandua.

Muuza maziwa,
Umoja, Nairobi