Yule wa sita hakuulizwa

Ndugu Mhariri,

Ni miaka 17 sasa nanunua gazeti lako pale stendi ya Moshi na sijawahi kukuandikia. Habari yenu ya juzi, ile ya wachumi wanaopima jinsi utumwa wa zamani ulivyoacha umaskini wa leo, nimeshindwa kuinyamazia.

Historia siipingi. Mchumi Nathan Nunn alionyesha mwaka 2008 kwamba nchi za Afrika zilizoporwa watu wengi zaidi ndizo maskini zaidi leo, na mimi naamini. Misafara ya watumwa ya Pangani ilipita huku huku kwetu, chini ya Kilimanjaro. Kinachonikera ni mwandishi wako kueleza kana kwamba utumwa wenyewe ulikwisha 1873 soko la Zanzibar lilipofungwa, au 1922 ulipopigwa marufuku Tanganyika, na sasa yamebaki makovu ya kupimwa na wasomi. Mimi nimeuona mwaka juzi, mtaani kwangu Pasua, na watafiti walikuwa wamekaa sebuleni.

Mimi ni mjumbe wa nyumba kumi. Wadodosaji wakija, mimi ndiye nawapitisha mlango kwa mlango. Nyumba ninayoisema ina geti, friji na bati la rangi. Mama mwenye nyumba alijibu maswali karibu saa mbili nzima: mchele kilo ngapi kwa wiki, nyama, mkaa, vocha, ada. Kijana mwenye kishikwambi akauliza wanaolala na kula hapa ni wangapi. Akajibiwa sita. Huyo wa sita ndiye aliyetuletea chai, binti wa Singida, vidole vimechanika kwa sabuni ya unga. Akaweka sinia, akarudi jikoni kupuliza mkaa. Hakuulizwa hata jina. Tulipotoka nikamuuliza yule kijana hesabu inakwendaje, akanieleza vizuri tu: matumizi yote ya kaya yanajumlishwa, kisha yanagawanywa kwa waliomo. Utafiti wa kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na nyumba ile iko juu yake mbali sana. Basi na binti naye si maskini! Kaandikiwa nyama asiyoila, kaandikiwa umeme wa feni ilhali analala stoo na magunia ya mahindi. Wiki mbili baadaye, saa nne usiku, akanigongea mlango. Akafungua fundo la kanga: shilingi 3,000 na kikaratasi chenye namba ya simu ya kaka yake. Mwaka mmoja na miezi minne hajalipwa. Kila mwisho wa mwezi anaambiwa "nakutunzia". Cheti chake cha kuzaliwa kimefungiwa kabatini. Na kima cha chini kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 60,000 kwa mtumishi wa ndani anayelala kwa mwajiri! Shirika la Kazi Duniani limetaja kuzuiwa mshahara na kunyang'anywa vitambulisho kuwa dalili za kazi ya kulazimishwa. Binti huyu alikuwa na zote mbili, na katika takwimu ni mwanakaya wa nyumba yenye friji. Tulikwenda ofisi ya mtaa, akatolewa mishahara ya miezi mitatu na nauli. Miezi 13 imekwenda hivyo hivyo.

Halafu hao watafiti hawarudi. Nimetembea nao juani mwaka baada ya mwaka, nimewasihi watu wafungue milango, wengine wameacha biashara zao Mbuyuni wakae wajibu. Hakuna aliyewahi kuleta hata ukurasa mmoja wa Kiswahili tukabandika ofisi ya kata. Tunasoma habari zetu kwako, nazo zimekatwa nusu.

Ombi langu ni maswali mawili yaongezwe kwenye dodoso, na aulizwe mfanyakazi wa ndani mwenyewe, peke yake, nje kwenye koki ya maji, mwenye nyumba abaki ndani. La kwanza: mshahara wako wa mwezi uliopita uko mkononi mwa nani? La pili: ukitaka kuondoka kesho asubuhi, nauli na vyeti vyako unavyo? Hayamalizi dakika tano. Wakija tena Pasua, benchi la kukalia pale kwenye koki nitalibeba mimi.

Mjumbe wa nyumba kumi,
Pasua, Moshi