Anayenunua baiskeli ya mbio aanze na fremu na tairi, uzito uje baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu ununuzi wa baiskeli za mbio. Tangu Biniam Girmay wa Eritrea ashinde hatua tatu na kutwaa jezi ya kijani, ya mshindi wa pointi, katika mashindano ya Tour de France mwaka 2024, na hasa tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali mwezi Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika barani Afrika, vijana wanaonijia kuuliza wanunue baiskeli gani wameongezeka. Mimi ni mwalimu, makazi yangu ni Usa River, na barabara ya Arusha kwenda Moshi nimeiendesha kwa baiskeli ya mbio kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Vijana hao huuliza mambo mawili: baiskeli ina kilo ngapi, na gia zake ni za daraja gani. Hakuna hata mmoja aliyeanza kwa kuniuliza kama fremu inalingana na kimo chake, wala tairi pana kiasi gani linaweza kupita kwenye fremu hiyo, na hayo ndiyo mambo mawili ambayo, yakikosewa siku ya kununua, hayarekebishiki tena kwa fedha yoyote ya vipuri.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa kuwa nililikosea mimi mwenyewe. Baiskeli yangu ya kwanza ya mbio ilikuwa ya mtumba, fremu ya alumini, nyepesi kiasi cha kunyanyuliwa kwa vidole viwili, na muuzaji alinihakikishia kwamba ukubwa si tatizo kwa sababu kiti hushushwa. Kiti kilishuka kweli, lakini usukani ulibaki mbali palepale, nami nikawa naendesha nimejinyoosha kama mtu anayechungulia kisima, na kila nilipofika Maji ya Chai viganja vyote viwili vilikuwa vimekufa ganzi. Badala ya kuiuza nikainunulia magurudumu mepesi. Mwaka uleule tairi la nyuma, lenye upana wa milimita 23 tu, likachanika ubavuni karibu na Kikatiti. Nikakokota hadi dukani, nikauziwa tairi lililoandikwa 28, nikalichukua bila wasiwasi kwa kuwa siku zote nilikuwa nimeambiwa kwamba baiskeli yangu nayo ni ya 28.

Lilipovaa kwenye ringi bila kuhitaji hata kijiko cha kulisukuma, fundi aliyekuwa ameketi chini ya mwarobaini akasimama na kuja. Alifuta vumbi ubavuni mwa lile tairi jipya kwa kidole gumba, akanionyesha namba ndogo zilizochomoza kwenye mpira: 40-635. Kisha akafuta lile lililochanika, na hapo paliandikwa 23-622. "Kaka, hili ni la Phoenix," akaniambia. "Ringi yako ni ndogo kwa hili. Ukijaza upepo litakuchomokea njiani." Namba ya kwanza ni upana wa tairi, na ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokalia, vyote kwa milimita. Baiskeli zetu kubwa za mizigo, za umbo la Raleigh ya zamani, nyingi huvaa 635, na baiskeli za mbio huvaa 622. Zote mbili sokoni huitwa 28, na milimita 13 zilizopo kati yake zinatosha kabisa kumwangusha mtu kwenye mteremko. Ajabu ni kwamba matairi yanayouzwa kwa jina la 29, ya baiskeli za milimani, yana ringi ileile ya 622, ila kwa kawaida ni mapana mno kupita kwenye fremu ya mbio. Tangu siku ile sinunui tairi kwa jina. Nasoma namba hizo mbili.

Kwa hiyo anayenunua baiskeli mpya, au ya mtumba iliyo nzima, ningemsihi aanze na fremu. Apime urefu wa mguu wake kwa ndani, kutoka kwenye kinena hadi sakafuni akiwa pekupeku, auzidishe kwa 0.883, na jibu lake ni makadirio mazuri ya umbali kutoka katikati ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pedali, hadi juu ya kiti. Mwenye mguu wa sentimita 82 atapata sentimita 72 na ushei. Hayo ni makadirio ya kuanzia tu, maana miguu na migongo hutofautiana. La maana zaidi ni kwamba, kiti kikiwa pale panapostahili, aweze kushika usukani viwiko vikiwa vimekunjika kidogo na mabega yametulia. Shingo ya usukani, kipande kinachoushikilia usukani, inaweza kubadilishwa, ya sentimita 10 ikawekwa ya 8, na kazi hiyo haigharimu sana. Lakini fremu iliyozidi saizi mbili haiponyeki kwa shingo fupi, na baiskeli huanza kuyumba mikononi.

Jambo la pili ni nafasi ya tairi. Zamani tuliamini kwamba tairi jembamba lililojazwa upepo mpaka likawa gumu kama jiwe ndilo linalokwenda kasi, na waendeshaji wakubwa wa Ulaya waliamini hivyohivyo hadi wakaliacha. Leo katika Tour de France matairi ya milimita 28 ni ya kawaida, na wengine huenda hadi 30 au zaidi. Sababu yake ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyeendesha kwenye lami yenye kokoto: tairi gumu hurukaruka juu ya kila punje, na kila mruko ni nguvu ya miguu inayopotelea kwenye mtikisiko wa mwili badala ya kukupeleka mbele. Tairi la milimita 28 au 32, kwa mtu wa kilo 70, linatosheka na upepo wa pauni 60 hadi 75, wakati lile la 23 tulikuwa tukilijaza hadi 100 na zaidi. Kwenye barabara zetu, ambako lami huisha ghafla na kuwa changarawe bila hata kibao cha onyo, fremu isiyopitisha tairi la zaidi ya 25 inamfunga mwenye nayo kwa miaka yote atakayokuwa nayo.

Hapa ndipo swali la breki linapoingia. Breki za kubana ringi, zile za kawaida za baiskeli za mbio, nyingi haziruhusu tairi kuzidi 28, na mchanga unaonasa kwenye vipande vyake vya mpira hula ringi taratibu kama msasa. Breki za diski huacha nafasi kubwa zaidi na hushika vizuri kwenye mvua. Hata hivyo, diski zinazotumia mafuta zinataka fundi mwenye vifaa vyake na mafuta yake halisi: za kampuni ya Shimano hutumia mafuta ya madini, na za kampuni ya SRAM za barabarani kwa kawaida hutumia mafuta ya DOT, kama ya breki za magari, na ukikosea kutia ya huku kule, mipira ya ndani huharibika. Kwa mtu anayeishi mbali na mjini mimi ningechagua diski za kuvutwa kwa waya, maana waya hupatikana na fundi yeyote mwenye koleo anaweza kuukaza.

Sasa nije kwenye gia, ambazo ndizo zinazowakosesha vijana usingizi. Seti za Shimano za barabarani ambazo wengi wetu tunakutana nazo hupanda kwa ngazi: Claris ina gia 8 za nyuma, Sora 9, Tiagra 10, na 105, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na 11, sasa ina 12. Toleo hilo la gia 12 lilianza mwaka 2022 likiwa la umeme peke yake, na la waya likafuata mwaka 2023. Wengi wanadhani kwamba wataanza na Claris na kupanda polepole, kipuri kimoja kwa wakati, hadi wafike 105. Hawajaambiwa kwamba gia za namna hii huhesabiwa kwa pamoja. Kutoka 8 kwenda 11, vishikio vyenye breki na gia hubadilika, kihamisha gia cha nyuma hubadilika kwa sababu kiasi unachovutwa waya wake si kilekile, kaseti, yaani lile fungu la gia za gurudumu la nyuma, hubadilika, mnyororo hubadilika kwa kuwa wa 11 ni mwembamba zaidi, na mara nyingi gurudumu la nyuma nalo hubadilika, kwa kuwa kaseti ya 11 ya barabarani inataka habu, yaani kitovu cha gurudumu, iliyoongezwa urefu usiofika milimita mbili. Ukishajumlisha hayo yote umekaribia bei ya baiskeli nyingine. Nani basi anamfaa kijana: anayemuuzia ndoto ya kupanda ngazi, au anayemwambia anunue tangu mwanzo seti atakayoishi nayo?

Binafsi sioni aibu ya gia 8. Mnyororo wake ni mnene na wa bei nafuu, unapatikana Arusha na Moshi, na haudai usahihi wa nywele katika kurekebishwa. Ikiwa mwendeshaji anashindwa na milima, kinachomfaa ni kaseti yenye gia kubwa ya meno 32 au 34, mradi kihamisha gia chake kiwe na mkono mrefu wa kuimudu. Nimewaona watu waliokuwa wakishuka na kusukuma pale Himo kwenda Marangu wakipanda wameketi, kwa badiliko hilo moja tu.

Kuhusu uzito, naomba wasomaji wafanye hesabu pamoja nami. Mtu wa kilo 70 aliye juu ya baiskeli ya kilo 10 anabeba kilo 80 mlimani. Akilipa fedha nyingi kwa magurudumu yanayopunguza nusu kilo, amepunguza sehemu moja kati ya 160, na katika kupanda kwa saa nzima atakuwa ameokoa sekunde 22 au 23. Nusu kilo hiyo ni sawa na maji ya chupa ndogo anayokunywa kabla ya kufika juu. Hata waendeshaji wa kulipwa wana mpaka wao, kwani shirikisho la dunia la mchezo huu, UCI, limeamuru tangu mwaka 2000 kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Kwenye tambarare, mtu akifika kilomita 30 kwa saa, anayemzuia hasa ni hewa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo hukutana na mwili wake. Hiyo ndiyo maana nyingine ya fremu inayomkaa mtu: anayeweza kuinama kwa utulivu saa mbili bila maumivu atamwacha yule aliyenunua magurudumu ya kaboni na kulazimika kuketi wima kwa sababu ya mgongo.

Ningependa kila anayetenga shilingi milioni moja ya baiskeli aache walau laki mbili mfukoni. Fedha hizo zinunue matairi mazuri, vipande vipya vya breki, na waya mpya za gia pamoja na kava zake, kwa maana gia nyingi zinazodaiwa kuwa mbovu si mbovu hata kidogo. Waya wake umejaa vumbi lililochanganyika na maji ya mvua. Kisha anunue rula yenye inchi. Mnyororo mpya, ukipimwa kutoka katikati ya pini moja, pini ya 24 baada yake huangukia kwenye inchi 12 kamili. Pini hiyo ikivuka mstari kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umekwisha muda wake. Na kwa minyororo myembamba ya gia 11 na 12 ubadilishwe hata kabla ya hapo. Niliwahi kuupuuza mmoja kwa miezi mitatu, nao ukachonga meno ya kaseti yangu yakawa kama mapezi ya papa, hata mnyororo mpya ulipofungwa ukawa unaruka kila nilipokanyaga kwa nguvu. Kaseti ile ilinigharimu mara mbili ya bei ya mnyororo.

Kwa wauzaji ninalo ombi moja, nalo halina gharama. Kwenye kibandiko cha bei waandike pia saizi ya fremu, tairi pana zaidi linaloingia, idadi ya gia za nyuma, na aina ya beringi za krenki, kama ni za kufungwa kwa nyuzi kama skrubu au za kubanwa kwa mashinikizo. Hizi za kubanwa hutaka kifaa maalumu, na nimeona zikigongwa kwa nyundo na kipande cha bomba hadi fremu ya mtu ikatoa ufa. Mteja akijua mapema kwamba fundi wa mtaani kwake hana kifaa hicho, ataamua akiwa bado na fedha yake mkononi.

Jumamosi hii ninakwenda mjini na mpwa wangu kuangalia baiskeli mbili alizozichagua, moja ya kaboni ya mtumba na nyingine ya alumini, mpya, yenye gia 8. Tutabeba futi ya fundi cherehani na spana ya alenki ya milimita 4, ambayo isipopita kati ya tairi na fremu pande zote mbili, baiskeli hiyo tutairudisha mahali pake.

Msomaji wako,
Usa River, Arusha