Mbona hamkuitaja sigara?

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kuandika neno, lakini taarifa yenu ya Jumanne iliyopita kuhusu majeruhi wa bodaboda wanaolala wodini miezi na vidonda visivyofunga imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu ametaja kisukari, lishe duni, uchafu na uhaba wa dawa. Sigara hakuitaja hata mara moja, wala ugoro, kana kwamba majeruhi wote wa Tanzania ni watawa.

Mwaka juzi mdogo wangu alivunjika mfupa wa muundi, akapasuliwa na kuwekewa chuma katika hospitali ambayo sitaitaja. Wiki ya tatu mshono uliachia, usaha ukaanza kutoka, na kila asubuhi mimi ndiye niliyeshika beseni muuguzi alipobadilisha gozi. Walimpima sukari mara tatu. Walibadilisha antibiotiki mara mbili, zote tukanunua nje kwa fedha zetu. Majirani nao walileta maneno yao ya kurogwa. Hakuna aliyemuuliza anavuta sigara ngapi kwa siku, ilhali vidole vyake vilikuwa vya manjano na kila baada ya mlo alijikongoja kwa magongo hadi nyuma ya jengo la kufulia. Ni daktari kijana aliyekuwa bado mafunzoni, aliyeingia zamu moja tu ya usiku, ndiye aliyenusa shuka na kunieleza kwa dakika tano jambo ambalo wakubwa wake hawakulisema kwa miezi mitatu: kwamba nikotini hubana mishipa midogo ya damu, hivyo damu inayokwenda kwenye kidonda hupungua, kwamba gesi ya kaboni monoksaidi iliyomo katika moshi huing'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo hata hiyo damu kidogo hufika mikono mitupu, na kwamba chembe zinazojenga nyama mpya, pamoja na zile zinazopambana na vijidudu, zote hulegea. Mfupa nao hukawia kuunga. Nilimsikiliza huku nikizihesabu moyoni pakiti nilizomnunulia mimi mwenyewe kwa huruma, maana kila jioni alinibembeleza, "Dada, moja tu, inanipunguzia maumivu."

Nilizinunua wapi? Langoni pa hospitali hiyo hiyo, Mhariri, kwenye meza inayouza pia uji, miswaki na ndala. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tunayo tangu mwaka 2003, na kibao cha kukataza kuvuta kimetundikwa getini, hatua chache kutoka kwa muuzaji ambaye mlinzi humsalimia kwa jina. Mzee wa kitanda cha pili, ambaye mguu wake ulikuwa na kidonda cha kisukari, alijiona ameokoka kwa kuwa yeye ananusa ugoro tu na havuti. Moshi kweli hakuwa nao, lakini nikotini ni ile ile.

Mtaniambia kwamba aliyegongwa barabarani hana nafasi ya kujiandaa. Ni kweli. Lakini anayesubiri kupasuliwa ngiri au tezi dume hupangiwa tarehe ya miezi miwili mbele, na Shirika la Afya Duniani lilikwisha kueleza mwaka 2020 kwamba anayeacha tumbaku wiki 4 hivi kabla ya upasuaji hupunguza hatari ya matatizo baadaye. Muda huo wagonjwa wetu hupewa bure. Hawaambiwi tu wautumie kwa lipi.

Kwa kuwa madaktari wana shughuli nyingi, napendekeza swali la sigara na ugoro liulizwe kwenye dirisha la malipo. Pale hajawahi kupita mgonjwa bila kujibu kila alichoulizwa, na karani wa pale hajawahi kusahau kuuliza.

Dada wa mgonjwa,
Morogoro