Saa ya seva yenu inawapa wanafunzi wetu zero

Kwa Bwana Mkurugenzi na timu yote ya huduma kwa wateja, Nairobi

Jambo sana Bwana Mkurugenzi,

Mimi ni asista, ni kusema msaidizi wa prof, mu idara ya jeolojia hapa Lubumbashi, njo mimi napokeaka TP (kazi za mazoezi) za wanafunzi kupitia mtambo wenu wa mtandaoni, nazisahihisha, naandika maoni, kisha prof anapitisha. Nilishaandika kwa njia ya tiketi, mkajibu, mkafunga tiketi, tatizo likabaki palepale. Sasa naandika barua, na kopi inaenda kwa katibu wa kitivo chetu, juu mambo imefika mahali watoto wa watu wanaweza kupoteza mwaka kwa kosa ambalo si lao.

Seva yenu iko kwa saa ya Nairobi. Sisi Lubumbashi tuko nyuma yenu saa moja, na Kinshasa iko nyuma yetu saa ingine moja, ndivyo nchi yetu iko, na mlijua hivyo mbele ya kusaini mkataba. Nikiweka kazi ifungwe 23h59, mtambo unaelewa 23h59 ya kwenu, maana yake huku kwetu inafunga 22h59. Labda mtasema saa moja ni kitu gani. Hapa umeme unaweza kukatwa mchana mzima mu mitaa kama Katuba ao Ruashi, ukirudi usiku mwanafunzi anachaji simu, anapiga picha za michoro yake, anatafuta mega za intaneti, anatuma, na hiyo saa moja ya mwisho njo saa wengi wanatumaka. Mmeikata yote.

Niko na picha ya skrini ya mwanafunzi mmoja hapa mbele yangu. Juu kabisa kuna saa ya simu yake, 23h07. Chini mtambo wenu umeandika kazi imepokelewa 00h07, tarehe ya kesho yake, na pembeni kwa maandishi mekundu "imechelewa". Halafu kuna ile plagini, programu ndogo ya nyongeza, mliongeza wenyewe bila mtu kuwaomba, inayoweka zero papo hapo kwa kila kazi yenye hiyo alama. Mimi sikuandika ile zero, prof hakuiandika, hakuna mtu aliyefungua hata ukurasa wa kwanza wa kazi ya huyu kijana, na kazi yenyewe ni nzuri, nimeisoma mara mbili, ningempa 15 kwa 20 bila kusita.

Jibu lenu kwa tiketi lilisema kila mtumiaji abadilishe ukanda wa saa mu profaili yake. Bwana Mkurugenzi, nilienda kwa profaili, ile sehemu imefungwa, haibonyezeki, kwa wanafunzi ni vilevile. Imefungwa juu ninyi wenyewe mmelazimisha ukanda mmoja kwa watu wote kule mu setingi za msimamizi, ambako sisi hamkutupa ruhusa ya kuingia. Aliyenijibu hakufungua hata akaunti moja ya mwanafunzi kuangalia kama anachosema kinawezekana, na hiyo iliniuma kuliko saa yenyewe. Mtambo wenu umejengwa juu ya Moodle, ile programu ya masomo ya mtandaoni, na mu orodha ya kanda za saa ya Moodle jina Africa/Lubumbashi limeandikwa wazi kabisa, mtu anachagua, anahifadhi, imeisha. Moodle Martin Dougiamas aliitoa mwaka 2002 kule Australia na mpaka leo ni ya bure, chuo kingeweza kuichukua chenyewe. Pesa tunawalipa ni ya kuitunza na kuiweka sawa kwa mahali tuko.

Na tafadhali msiniambie zile kazi haziwezi tena kuangaliwa upya. Moodle inahifadhi muda kama hesabu ya sekunde toka tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, na ile mnaona kwa skrini ni namna tu ya kuionyesha. Kwa hiyo kwa kila kazi mnaweza kujua bila kubahatisha nani alituma mbele ya 23h59 ya Lubumbashi na nani alichelewa kweli. Aliyechelewa kweli tutazungumza naye sisi wenyewe, kuko wengine walikuwa na maiti nyumbani, kuko wengine ni uvivu, hiyo ni kazi ya mwalimu kuamua, haiwezi kuwa ya plagini.

Kuko pia jambo la ukubwa wa faili. Mmeacha kikomo cha megabaiti 2, ile PHP, lugha ya programu ambayo Moodle imeandikwa nayo, inatokaka nayo kama hakuna mtu ameigusa. Wanafunzi wetu wanachora kwa mkono, penseli na rangi kwa karatasi ya milimita, kisha wanapiga picha, na picha moja ya simu za siku hizi inapita hapo kirahisi. Wanaanza kuibana mpaka mistari ya tabaka za mawe haionekani tena, mimi nasahihisha ukungu. Pandisheni hiyo.

Sasa maoni, na hapa naomba msome polepole, juu kwangu njo jambo kubwa. Mmewasha ule utaratibu wa usahihishaji wa hatua kwa hatua, ambao alama na maoni vinabaki vimefichwa mpaka mtu mwenye ruhusa abonyeze "toa". Utaratibu wenyewe siukatai. Lakini ruhusa ya kubonyeza mmempa msimamizi mmoja upande wenu, si mimi, si prof. Kwa TP ya kwanza niliandika maoni kwa kila mmoja, usiku, mstari kwa mstari. Kwa binti mmoja nilimwandikia hivi: "Skeli ya wima umeizidisha mara mbili kuliko ya mlalo, hiyo inaruhusiwa, lakini hukuiandika pembeni ya mchoro. Mtu akisoma ataona tabaka zimeinama sana kuliko vile ziko kweli. Andika kila mara." Ni kosa dogo, linarekebishwa kwa dakika moja kama umeambiwa. Maoni hayakutolewa. TP ya pili ikaja, akafanya kosa lilelile, nikakata pointi tena. Alikuja ofisini na karatasi mkononi akaniuliza, "Asista, mbona hukuniambia?" Nilifungua kompyuta nikamwonyesha maandishi yangu, yamekaa pale, kwake hayaonekani. Huyu binti kesho akienda kufanya kazi kwa mgodi, mchoro kama huo watu wanautumia kuamua wapi watachimba. Mwanafunzi akikosa maoni kwa wakati anafunzwa nini? Anabaki kuhesabu tu pointi zilizokatwa.

Na hata mkiyatoa, mnayatoa kama faili nzima ya PDF yenye alama zangu juu yake, mwanafunzi anapaswa kushusha yote tena kwa mega zake ili asome sentensi tatu. Wekeni maoni pia kama maandishi ya kawaida, yaonekane palepale chini ya alama. Sehemu hiyo ndani ya Moodle ipo, mmeizima tu.

Juri, kikao cha walimu cha kupitisha alama, inakaa mwisho wa mwezi huu. Mbele ya hapo nahitaji saa ibadilishwe iwe ya Lubumbashi, ile plagini ya zero izimwe, na mnitumie orodha ya kazi zote zilizopokelewa ndani ya ile saa moja ili tuzisahihishe kama kazi zingine. Ruhusa ya kutoa maoni mnaweza kuipa akaunti yangu na ya prof leo hii, haihitaji mkutano. Mambo ya faili na ya PDF nawapa nafasi mpaka mwanzo wa semesta ijayo. Kama orodha haifiki mbele ya juri, tutapokea TP kwa karatasi hapa idarani kama zamani, na nitaomba kitivo kisilipe sehemu ya mwaka iliyobaki mpaka jambo liangaliwe na viongozi wa chuo.

Tiketi ya zamani msiifungue tena, mnijibu kwa barua, na aliyeandika aweke jina lake chini, ili nikipiga simu nijue namuuliza nani.

Wenu,
Asista, idara ya jeolojia
Lubumbashi