Mnaotoka nje: hela na gari Zanzibar

Ndugu zangu mnaokuja harusini Unguja kutoka Uingereza na Marekani, hela kwanza, msibebe dola za kabla ya 2006 wala zilizochanika hata kidogo, wabadilishaji wengi watazikataa, na shilingi mchukue mjini kabisa kabla hamjaja huku Makunduchi, ATM za shamba msizitegemee. Bima ya kuingia ni dola 44 lipeni onlaini kabla ya safari.

Wanaokodi gari, leseni ya kwenu peke yake haitoshi, mwenye gari awatolee kibali cha Zanzibar na mtembee nacho maana trafiki wapo kila mahali. Tunaendesha kushoto, wa Marekani nawaomba sana kwenye kipilefti angalieni kulia kwanza. Usiku msiendeshe kabisa, baiskeli hazina taa na ng'ombe wanakatiza.