YAH: Tangazo la sabuni mlilonikatia kichekesho, na yule kijana wenu wa chati aliyenipendekezea katuni

Kwa Uongozi, Huduma kwa Wateja, na yeyote hapo ofisini mwenye uwezo wa kurudisha hela za watu,

Salamu nawapa maana nimelelewa hivyo, ila msizoee.

Mimi nalipia kile kifurushi chenu cha juu cha kutazama vipindi, kile kisicho na matangazo. Masharti yake mnayajua, mliyaandika wenyewe, sitayarudia hapa. Ninachotaka ni mtu mmoja tu aniambie lile tangazo la sabuni ya kufulia lilitokea wapi.

Stendapu yenyewe, ile show ya mchekeshaji mmoja jukwaani ambamo tangazo liliingia, mnayo kwenye rekodi zenu na malalamiko yangu ya kwanza mnayo pia, yale mliyoyajibu kwa roboti. Kuna kisa kirefu pale katikati, mchekeshaji kaingia msiba usio wake. Kakosea nyumba, kakaa, kalia, tena kalia vizuri kuliko wenye msiba mpaka wafiwa wakamwomba asimame aseme machache kuhusu marehemu. Anakijenga taratibu, hana haraka hata kidogo, kakaa kwenye stuli, anashusha sauti, ukumbi wote kimya mpaka unamsikia mtu anakohoa kule nyuma, na mimi nikaongeza sauti ya TV maana jamaa alikuwa ananong'ona. Akaigiza anavyotembea kwenda mbele. Akaigiza anavyolitazama jeneza. Akavuta pumzi, akasogeza maiki, akasema "Marehemu..."

Sabuni!

Mama anacheka na ndoo, muziki umepaa, sauti ya tangazo kubwa kuliko ya show yenyewe, na mtoto aliyelala chumba cha pili akaamka analia. Kaka yangu aliyekuwa pembeni, mtu ambaye kumchekesha ni kazi ya kuajiriwa, alikuwa ameshainama mbele mikono kwenye magoti anasubiri, akabaki ameganda hivyohivyo anaangalia mashuka meupe.

Show iliporudi watu ukumbini wamesimama wanapiga makofi, kuna mzee mmoja mstari wa mbele kavua miwani anajifuta machozi, na mchekeshaji kageuka anakunywa maji. Imeisha. Yaani tangazo lenu halisimamishi show likaisha ndo show iendelee, linakaa juu yake na show inaendelea huko chini kama kawaida. Nikarudisha nyuma, sabuni ikaja tena. Nikarudisha kabisa mpaka mwanzo wa kisa, nikasikiliza msiba wote upya, jeneza, pumzi, "Marehemu", sabuni.

Na haikuishia hapo, maana hawa watu wana tabia ya kufungia show kwa kukirudia kisa cha mwanzoni. Dakika za mwisho, wakati anaaga, kasema neno moja tu, "viatu", ukumbi mzima ukaanguka, watu wanapigana mabega. Viatu gani?! Nimekaa mpaka mwisho kama mgeni kwenye harusi ya lugha nyingine, wote wanacheka mimi nauliza viatu vya nani. Halafu hata hapo hamkuniacha, kabla hajamaliza kuinama kuwashukuru watu, mkampunguza akawa kadirisha kadogo pembeni na skrini yote mkaweka sinema ya mapigano ambayo sikuiomba.

Sasa tuje kwa kijana wenu wa chati, maana sabuni ningeimeza.

Nilimwandikia kwa adabu kabisa. Nikamweleza kwamba nimelipia bila matangazo, tangazo limeingia, limekula panchilaini, lile neno la mwisho lenye kicheko chenyewe. Akaniambia nimetazama zaidi ya asilimia 99 ya kipindi, hivyo huduma nimeipata. Nikamwambia ndugu yangu, hiyo iliyobaki ndiyo yenyewe, zile dakika zote za kabla yake zipo kwa ajili ya hizo sekunde. Akanyamaza. Akarudi: "Mpendwa mteja, huenda aina hii ya ucheshi haiendani nawe. Tunakupendekezea katuni zifuatazo." Akatuma na picha za katuni.

Mimi. Katuni.

Hebu niwaambie kitu ambacho nadhani kwenye hiyo kampuni hakuna anayekijua. Kichekesho cha jukwaani kinaishi kwenye kile kimya cha kabla ya neno la mwisho. Watu wanaorekodi hizi show wanapanga kamera kadhaa, wanaweka maiki za kunasa vicheko vya watazamaji mbali na maiki ya msemaji, mara nyingi wanarekodi zaidi ya show moja ili wachague pale pumzi ilipokaa sawa, halafu mhariri anakaa kupima kimya kisirefuke wala kisikatwe. Nyie mkaja na mashine yenu inayohesabu dakika, dakika ikifika inapiga tangazo, iwe mtu anavuta pumzi iwe anakata roho. Na si kwamba jambo hili ni geni. HBO, kituo cha televisheni ya kulipia cha Marekani, walishaanza kurusha stendapu nzima bila kukatwa na matangazo tangu 1975, na 1979 mchekeshaji wa Marekani Richard Pryor akapelekwa mpaka kwenye majumba ya sinema, show aliyorekodiwa Long Beach, California, mtu anakaa kwenye kiti anaona mwanzo hadi mwisho. Miaka ya sabini hiyo! Nyie mna maghala ya kompyuta na mnashindwa kumwacha mtu amalize sentensi.

Maandishi yenu ya chini nayo sijui nani anayaweka. Yanatangulia. Jamaa bado anauliza swali, jibu limeshaandikwa hapo chini, unalisoma, halafu unamsubiri afike. Hilo nililalamika zamani kabla hata ya sabuni na sijajibiwa mpaka leo.

Madai yangu yalikuwa madogo tu mwanzoni, mnirudishie hela ya mwezi huo na mlitoe hilo tangazo kwenye hicho kipande. Basi. Ila kila nikikumbuka ile chati damu inachemka, na naomba muisome wenyewe, msisimuliwe. Mimi nimeandika aya nzima, nimeeleza msiba, nimeeleza jeneza, nimetaja mpaka dakika lilipoingia tangazo. Yeye kajibu asilimia. Nimemwambia hizo sekunde ndizo nilizolipia. Kanyamaza, nikaona vile vinukta vinacheza kuonesha anaandika, vikapotea, vikacheza tena, nikasema sasa anaomba msamaha, binadamu huyu. Ndipo likaja lile la "huenda aina hii ya ucheshi haiendani nawe" na katuni zake, dubu amevaa kofia, bata kwenye baiskeli. Na hapa kuna kitu sikukisema pale juu: nilikuwa bado naandika jibu langu akaifunga chati. Ikatokea nyota tano na "Tumekuhudumiaje leo?" Nikaweka nyota moja. Ikaniambia asante kwa kufurahia huduma yetu. Skrinishoti ninazo zote, na ya bata ipo.

Kwa hiyo madai yamebadilika. Hela ya mwezi mmoja sitaki tena, nataka ya miezi yote tangu mlipoanza kupenyeza matangazo kwenye kifurushi kisicho na matangazo, maana nikitazama nyuma sabuni haikuwa ya kwanza, kuna ile ya bima iliyoingia katikati ya tamthilia nikadhani ni sehemu ya hadithi. Nataka msamaha wa maandishi kutoka kwa mtu mwenye cheo, si roboti wala mtu wa asilimia. Nataka kile kipande kirudishwe kizima, na maandishi ya chini yaache kukimbia mbele ya mdomo wa mtu.

Mnao muda mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo nasitisha malipo kupitia benki, napeleka skrinishoti zote kwa mamlaka ya kulinda walaji pamoja na tangazo lenu la kifurushi lenye maneno "bila matangazo kabisa" kwa herufi kubwa, na kaka yangu naye anafuta akaunti yake, na yeye ndo mwenye ile akaunti ya familia nzima inayolipiwa mwaka mzima kwa mkupuo. Msinipigie simu kunibembeleza na ofa ya punguzo. Msinitumie kuponi. Na kabla hamjafanya lolote kati ya hayo, atafutwe mtu hapo ofisini mwenye faili zima la hiyo show, aisikilize, aniandikie jamaa alisema nini kuhusu hivyo viatu.

Ni mimi mteja wenu, mpaka Ijumaa.