Jumamosi tunajaribu rangi za maji

Habari zenu wapendwa. Jumamosi tunaweka penseli kando, tujaribu rangi za maji. Anayenunua kwa mara ya kwanza, pesa nyingi aiweke kwenye karatasi kuliko kwenye rangi: tafuteni karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Karatasi ya daftari hulowa, hujikunja, na brashi ikirudi mara ya pili inachubuka. Rangi zinatosha tatu tu, nyekundu, njano na bluu. Nyeupe msihangaike nayo, weupe ni karatasi mnayoiacha bila kuipaka. Kila rangi ipakeni kwanza kwenye kipande cha pembeni, mngoje ikauke, maana ikikauka hupauka. Majaribio yatumeni humu, hata yaliyochafuka. Natamani sana kuyaona.